Faksi za Yaw

Simu ya mezani ya Dwomoh iliacha kulia Jumatatu, na kufikia Jumatano asubuhi alikuwa ameshainyanyua mara nne kuhakikisha haijaharibika. Haikuwa imeharibika. Ukiiweka sikioni inanguruma vizuri tu, nzima kabisa. Ni watu waliokuwa hawapigi.

Alikuwa peke yake ghorofa ya tatu ya bohari ya dawa ya Nyameadom, mtaa wa Asafo, Kumasi. Zamani chumba kile kilikuwa na makarani sita, na kelele zao zilisikika mpaka kwa muuza waakye, wali wa maharage, wa getini. Maduka ya dawa ya vijijini, mia mbili na kitu, yalikuwa yakipiga simu kuagiza; makarani wanaandika kwenye programu ya kompyuta, magari yanapakia. Makarani wakastaafu mmoja mmoja, wawili wakafa, mmoja akaenda kufuga kuku, na hakuna aliyeajiriwa badala yao. Akabaki Dwomoh, ambaye wala hakuwa karani. Yeye ndiye aliyeitunga ile programu, mwaka wa tisini, akiwa kijana wa miaka ishirini na sita mwenye nywele na kiburi. Sasa ana hamsini na tisa. Nywele zimekwenda, kiburi kipo.

Na wala wakubwa wake hawakuitupa programu yake. Wangeitupa angelia, angeizika, yangekwisha. Walichofanya ni kuiacha hai na kupita pembeni yake.

"Hatuui kitu, Anko," Delali alimwambia mwezi ule wa kwanza. Delali alikuwa fundi mkuu wa timu ya watu wanne walioletwa kutoka Accra, mwanamke wa miaka thelathini na moja, mtu wa mji wa Ho, mwepesi wa kucheka. "Programu yako ndiyo moyo. Moyo unabaki palepale. Sisi tunaunganisha mishipa tu."

Mishipa yenyewe ilikuwa hivi: mwenye duka anaagiza kwa simu yake ya mkononi. Agizo linapita mtandaoni na kuingia lenyewe kwenye programu ya Dwomoh, programu inapunguza dawa kwenye stoo, kisha agizo linatokea upande wa pili na kwenda kwenye mfumo wa kampuni ya usafirishaji. Mfumo huo unachagua wenyewe gari gani, njia gani, siku gani. Hakuna mkono wa mtu. Kitu kizuri, jamani, tusiseme uongo. Hata Dwomoh alipokiona kwenye majaribio alikisifia moyoni, na ikamuuma kwamba amekisifia.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mkewe, Konadu, yuko Hamburg mwaka wa nane huu, alikokwenda kumsaidia binti yao kulea, na kulea hakuishi. Jumapili wanapigiana simu. "Huko baridi?" "Baridi. Huko?" "Joto." Halafu wanatakiana usiku mwema wakati jua bado linawaka. Ndiyo ndoa hiyo.

Kwa hiyo katika wiki nzima, mtu aliyekuwa akizungumza na Dwomoh hasa, mazungumzo ya mtu na mtu, alikuwa mmoja tu, na hakuwahi kumwona uso: Maame Agyeiwaa, mwenye duka la dawa Ankamuso, ng'ambo ya mto Ankamu. Jumatatu saa tatu kamili simu inalia.

"Wofa, umeamka?" Wofa ni mjomba, kaka wa mama. Dwomoh hakuwa na udugu naye hata wa mbali; alipewa tu cheo hicho mwaka wa kwanza na hakuvuliwa tena.

"Nimeamka, Maame. Sema."

"Paracetamol katoni mbili. Umeandika?"

"Naandika."

"Unaandika au unachonga kinyago? Mbona kimya hivyo?"

"Naandika, Maame, una haraka ya kwenda wapi?"

"Kwa mume mpya. Huyu wa zamani anakoroma. Haya, na chupa za mwalimu wangu. Hata ukisahau vyote, huyo usimsahau."

Mwalimu wake alikuwa Bediako, mzee mstaafu aliyefundisha nusu ya Ankamuso kusoma, na aliyekuwa akiishi kwa sindano ya insulini asubuhi na jioni. Insulini inataka baridi. Inasafiri ndani ya boksi la barafu, na barafu ile inavumilia siku moja, ikizidi hapo ni maji. Duka zima la Agyeiwaa lina friji moja, mtu mmoja wa insulini, na daftari la madeni ambalo hakuwahi kuacha kulilalamikia. Dwomoh alimjua Bediako kwa habari zake zote: mguu unaopona polepole, mkewe anayemficha sukari, ugomvi wake na kasisi. Alimjua kuliko alivyowajua majirani zake mwenyewe.

Sasa hata huyo hakupiga. Wa nini tena? Jumatatu ile mfumo mpya ulipofunguliwa, agizo la Ankamuso liliingia lenyewe saa mbili na dakika hamsini, safi, bila neno. Dwomoh aliliona likipita kwenye kioo cha kompyuta yake. Akaliangalia sana, mpaka macho yakamwasha.

Hapa lazima nirudi nyuma wiki tatu, kwenye kikao, kwa sababu ubaya wote ulizaliwa pale.

Delali alikuwa ameweka ukutani orodha ya mambo yaliyomo ndani ya programu ya zamani, ili waamue kipi kipite kwenye mishipa mipya na kipi kiachwe. Jina la duka, linapita. Mji, unapita. Simu, inapita. Akafika kwenye faksi, akaanza kucheka kabla hajasema.

"Wapendwa, kuna mtu nataka kumjua kabla sijaondoka Kumasi. Huyu Yaw ni nani? Maduka arobaini na moja, ukiangalia penye faksi hakuna namba, kuna Yaw!"

Chumba kikacheka. Meneja, Bwana Asiamah, aliyetoka benki miaka miwili tu iliyopita, akadakia: "Na hakuna Kofi hapo?"

"Yupo! Kofi ana maduka kumi na tisa."

"Basi Yaw kamshinda Kofi!"

"Labda ndiye aliyewauzia mashine!" akasema mwingine, na hapo watu wakashika mbavu.

Dwomoh alikuwa amekaa mwisho wa meza, na mdomo ulikuwa umeshafunguka. Kwa sababu Yaw hakuwa mtu. Mwaka ule wa tisini wakurugenzi walishikilia kwamba kila duka liwe na nafasi ya namba ya faksi. Duka la kijijini na faksi, wapi na wapi! Nafasi ikabaki tupu. Na mwaka uleule magari yakarudi mara tatu na maboksi ya barafu iliyoyeyuka, kwa sababu mito na vijiji vya huko vina siku zao. Mto Ankamu haufanyiwi kazi Alhamisi. Huvuki, huvui, hufui nguo. Pantoni inafungwa kamba na mwenyewe anakwenda kulala. Mahali pengine ni Ijumaa, pengine Jumanne. Dwomoh alihitaji pa kuiandika siku ya mwiko, na kuongeza nafasi mpya wakati ule kulikuwa sawa na kubomoa nyumba nzima. Akaitwaa faksi. Akaandika kwa majina, kwa sababu kule mwanamume aliyezaliwa Alhamisi huitwa Yaw na wa Ijumaa Kofi, na kila karani angeelewa bila kufundishwa. Penye Yaw, programu inairuka Alhamisi. Miaka thelathini na mitatu hakuna barafu iliyoyeyuka kwenye ukingo wa Ankamu.

Yote hayo yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Sekunde kumi zingetosha. Lakini watu walikuwa bado wanacheka, na Asiamah akajifuta machozi akasema, "Mambo ya wazee hayo. Acha faksi, tusonge mbele." Delali akaipiga mstari mwekundu. Na Dwomoh akaufunga mdomo.

Watakuja, alijiambia. Wakikwama watapanda ngazi wenyewe.

Mtu mzima, jamani! Mtu wa miaka hamsini na tisa, ananuna kama mtoto aliyenyimwa nyama! Lakini mimi simcheki sana. Mwezi wa kwanza walikuja juu kumwuliza maswali kila siku, na aliwanunulia soda kwa mfuko wake. Mwezi wa pili walikuja mara mbili. Wa tatu wakamwandikia ujumbe, na wa nne wakajua wenyewe. Akaanza kufungua mlango asubuhi na kuuacha wazi, wakati mashine ya kupoza hewa inafanya kazi, ili hatua za mtu zikipita ngazini azisikie.

Basi Jumatano ile, saa sita mchana, ikatoka orodha ya magari ya kesho. Dwomoh hakuwa na kazi nayo. Aliifungua kwa mazoea. Gari la tatu, kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Ankamuso. Boksi moja la barafu. Alhamisi.

Akajua palepale, hakuwa na haja ya kufikiri. Mfumo wa kampuni ya usafirishaji uliona gari lenye nafasi likielekea upande ule Alhamisi, ukalichukua, na nani angeukataza? Dereva naye alikuwa mgeni, kijana wa pwani, wa Takoradi.

Akanyanyua simu. Namba ya Delali ndani ya ofisi ilikuwa mbili, moja, saba. Akabonyeza mbili, akabonyeza moja, akairudisha simu mahali pake. Hapana, alisema, jambo kama hili huambiwa mtu uso kwa uso. Akavaa viatu vizuri, akateremka.

Alipofika ghorofa ya pili alisikia muziki. Walikuwa wanasherehekea siku tatu za mfumo mpya bila hitilafu. Alisimama kwenye ngazi na kuwaona kupitia mlango wa kioo: wali wa jollof kwenye sahani za karatasi, kuku, keki yenye maandishi. Mlinzi alikuwepo. Mfagiaji alikuwepo, ameshika paja la kuku. Bwana Asiamah alikuwa akitoa hotuba na watu wanampigia makofi. Hakuna aliyekuwa amepanda ngazi kumwita mtu aliyeutunga huo moyo wanaousifu.

Huenda walisahau tu. Nadhani walisahau tu. Lakini kusahauliwa ndiko hasa kulikomuuma, na angalau ukichukiwa unajua mtu amekufikiria. Alisimama pale kama dakika mbili, mkono kwenye reli ya ngazi. Alimfikiria mwalimu Bediako, sina budi kulisema hilo, alimfikiria kwa jina. Akajiambia dereva atauliza watu njiani. Akajiambia Agyeiwaa hana mchezo, lazima ana chupa ya akiba. Kisha akapanda kurudi juu, akafunga mlango mchana kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, akala waakye yake iliyopoa.

Kesho yake, saa nane mchana, ngazi zikalia kwa miguu.

Aliyetangulia kuingia ni Delali, anahema. "Anko! Gari liko mtoni Ankamu. Pantoni imefungwa. Dereva anasema watu wamemwambia leo mto umepumzika. Mto umepumzika ni kitu gani?"

Nyuma yake akaingia Asiamah, nyuma yake timu nzima. Chumba kikajaa mpaka mmoja akakalia dirisha. Na Dwomoh, Mungu amsamehe, alifurahi. Aliisikia furaha ikimpanda kifuani na hakuweza kuizuia. Alivuta kiti taratibu, akavaa miwani, akafungua rekodi ya Ankamuso, akaweka kidole kwenye kioo.

"Mlitaka kumjua Yaw," alisema. "Huyu hapa. Yaw ni Alhamisi."

Kelele zikalipuka. "Lo!" "Ndiyo maana!" "Arobaini na moja, Mungu wangu!" Asiamah akajipiga paji la uso, akasema hata bibi yake mwenyewe hakwenda shamba Alhamisi, na yeye amekalia elimu yake tu. Wakamwuliza Dwomoh hili na lile, akawajibu. Mmoja akavuta kiti kando yake bila kuomba ruhusa. Kwa saa nzima walifanya kazi pamoja, wakaipitisha ile faksi kwenye mshipa mpya, wakaujaribu, na mfumo wa usafirishaji ukaanza kuziruka siku inavyotakiwa. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote alizopata mwaka ule.

Walipoteremka, Delali alibaki mlangoni.

"Kwa nini hukusema, Anko?"

"Hukuniuliza."

"Niliuliza." Sasa hakuwa anacheka. "Niliuliza kwa mzaha, lakini niliuliza. Ulikuwa umekaa palepale."

Dwomoh akaanza kupanga karatasi ambazo hazikuhitaji kupangwa. "Boksi liko wapi?" aliuliza.

"Dereva ameliacha kwa mama anayeuza ugali wa kenkey ukingoni. Ratiba yake ilimtaka aendelee. Tumempigia arudi, lakini ameshafika mbali." Akaingia ndani. "Ndani yake kuna nini?"

"Insulini," alisema Dwomoh, na hapo ndipo ile furaha ilipomtoka yote kwa mkupuo.

Alimpigia Agyeiwaa jioni ile mara sita. Huko Ankamuso simu zinapatikana zinapotaka, na siku ile hazikutaka.

Ijumaa saa tatu kasoro simu ya mezani ikalia. Delali alikuwa tayari yuko chumbani na daftari lake. Amekuja mapema, macho mekundu, anataka kuandika siku za mwiko zote kutoka kinywani mwa Dwomoh ili lisitokee tena. Alikuwa ameshamwambia mara mbili kwamba kosa ni lake, na Dwomoh hakuwa amemkatalia.

"Halo? Hapo ni Nyameadom?" Ilikuwa sauti ya Agyeiwaa, ila ya mbali, ya heshima, sauti ya kuzungumza na wageni. "Naomba kuuliza. Mazishi ya Bwana Dwomoh ni lini?"

"Maame," alisema. "Ni mimi."

Akasikia pumzi. "Wofa?"

"Ni mimi, Maame. Ni mzima."

"Ee Nyame, Mungu wangu!" Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. "Wofa! Mimi nimeshatoa kitambaa cheusi sandukuni! Jana wananiita mtoni, natazama ng'ambo, naona boksi langu limewekwa juu ya benchi la kenkey, Alhamisi, na jua lile. Nikasema, basi, Dwomoh amekufa. Dwomoh akiwa hai hawezi kunifanyia hivi. Nikakaa chini pale pale nikakulilia, watu wakadhani nina wazimu."

Dwomoh alivua miwani. Miaka yote ile hakujua kwamba kuna mtu angemlilia.

"Na mwalimu?" aliuliza.

"Mwalimu amechukuliwa alfajiri, pantoni ya kwanza. Alikuwa akijipunja dawa tangu Jumanne akisubiri hilo boksi. Tulipolivusha ilikuwa maji matupu, na chupa zina joto. Amepelekwa hospitali hamjui hata mkewe, anamwita kwa jina la dada yake." Akapenga kamasi. "Tuombe. Lakini wewe u mzima! Sasa jana ulikuwa wapi, Wofa? Uliugua?"

"Hapana."

"Likizo?"

"Nilikuwepo."

"Kazini?"

"Kazini."

Agyeiwaa hakuwa mjinga. Ameuza dawa miaka thelathini na anajua mtu anapoficha ugonjwa. "Hiyo orodha ya magari," alisema polepole, "wewe huioni siku hizi?"

Angeweza kusema haioni. Mlango wa kujinasua ulikuwa wazi kabisa, na Delali amesimama mbele yake na daftari, mtu aliyekwisha kulibeba kosa lote kwa hiari yake.

"Niliiona Jumatano mchana," alisema. "Nikanyamaza."

Delali aliinua macho kutoka kwenye daftari. Upande wa pili mtu alikuwa akigonga kaunta ya duka akiomba kuhudumiwa.

"Kuna mtu mwingine hapo ulipo?" aliuliza Agyeiwaa.

"Yupo binti mmoja. Anaitwa Delali."

"Mpe simu."

Akampa. Delali alijitambulisha, akaomba radhi, akasikiliza kwa muda mrefu huku ameinamisha kichwa. Ndiyo, Mama. Hapana, Mama. Gari lingine linaondoka sasa hivi, Mama, nitapanda mimi mwenyewe, nitapeleka chupa mpya hadi hospitali. Akaandika jina la hospitali. Akaandika jina la mwalimu, akauliza linavyoandikwa. Kisha akaanza kutaja namba ya simu yake ya mkononi, tarakimu moja moja, na kusubiri irudiwe upande wa pili.

Dwomoh alisimama kando ya meza yake mwenyewe, mkono ameunyoosha, anasubiri kurudishiwa simu.

"Amekata, Anko," alisema Delali.